Kikohozi Kilianza Jumanne

Ijumaa ya tarehe 26 Novemba 2021, saa nne usiku, mteja alinitumia ujumbe: anataka maneno 600 kuhusu ile virusi ya South Africa, na kufikia asubuhi yawe kwake. Nilikuwa nakaa bedsitter Pipeline, ghorofa ya tano, na nilikuwa nalipwa kwa neno. Kama umewahi kufanya kazi za mtandaoni unajua sheria yake: huulizi kwa nini, unauliza lini. Nikanunua bando la usiku, nikachemsha chai, nikaketi kitandani na laptopu mapajani.

Kichwa alikuwa ameshakiandika yeye. Kwa Kiswahili kingesomeka hivi: "Virusi Hatari Kutoka Afrika Kusini." Kazi yangu ilikuwa kujaza tumbo tu.

Basi nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo kile kichwa kilivyonikera. Stori yenyewe ilikuwa hivi. Tarehe 7 Novemba wageni wanne, wanadiplomasia, waliingia Botswana. Tarehe 11 wakapimwa wakijiandaa kuondoka, wakapatikana na korona. Sampuli zao zikafika kwenye maabara moja Gaborone ambako mwanasayansi Sikhulile Moyo na wenzake walikuwa na mazoea ya kusoma herufi za virusi, moja baada ya nyingine, wiki baada ya wiki. Safari hii walichokiona hakikufanana na kitu walichowahi kuona.

Karibu wakati huohuo, maabara za mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini, ziliona kipimo kikifanya kioja. Kile kipimo cha PCR walichotumia hutafuta virusi mahali patatu, kama mtu anayebisha milango mitatu ya nyumba moja. Sasa milango miwili ilikuwa inaitika na wa tatu uko kimya, mgonjwa baada ya mgonjwa. Wakafuatilia. Tarehe 25 Novemba, Profesa Tulio de Oliveira na waziri wa afya Joe Phaahla wakatangaza mbele ya dunia nzima: kuna aina mpya, na ina mabadiliko zaidi ya 30 kwenye ule mwiba ambao virusi hutumia kuingia mwilini.

Kesho yake Shirika la Afya Duniani likaipa jina Omicron. Siku hiyohiyo Uingereza ikawa imeshazuia wasafiri kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika. Marekani ikafungia nane kuanzia tarehe 29. Hiyo ndiyo asante waliyopata.

Nilimaliza saa tisa usiku, nikatuma, nikalipwa. Siku nne baadaye, tarehe 30, wakuu wa afya wa Uholanzi wakatoa yao: walikuwa wamerudia sampuli za nyuma na kukuta Omicron katika mbili, moja ya tarehe 19 Novemba na nyingine ya tarehe 23. Yaani virusi vilikuwa vinatembea Uholanzi kabla Afrika Kusini haijafungua mdomo. Nikamwandikia mteja: turekebishe kichwa. Akanitumia kidole gumba. Kichwa kikabaki vilevile.

Watu wengi walikasirika siku zile. Hata Rais Ramaphosa alihutubia taifa lake akataka marufuku hizo ziondolewe. Mimi pia nilikasirika, lakini ndani ya hasira yangu kulikuwa na kitu kingine, kitu kama aibu. Nilimjua mtu aliyebebeshwa ugonjwa kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na karatasi ya kipimo. Na nilimjua aliyenyamaza.

*

Kabla sijafika huko, wacha nieleze hawa watu wanafuatiliaje virusi, kwa sababu bila hiyo stori yangu haitashika.

Sikumaliza chuo. Korona ilipoingia Machi 2020 nilikuwa mwaka wa pili, masomo yakahamia mtandaoni, bando likawa linashindana na unga, na chuo kilipofunguliwa tena nilikuwa na deni la karo ambalo lilinitazama nikalitazama tukaachana. Lakini kuna elimu moja ya shule ambayo kila Mkenya anayo, awe na digrii au asiwe nayo, nayo ni elimu ya mwakenya. Kile kikaratasi cha majibu, herufi za sisimizi, kinachofichwa kwenye soksi.

Sasa fikiria mwakenya unavyosambaa bwenini usiku wa kuamkia mtihani. Wa kwanza ameandika "mitokondria". Wa pili ananakili kwa haraka, anaandika "mitokondira". Watatu wanaonakili kwa huyo wa pili wote wanabeba "mitokondira", na mmoja wao anaongeza kosa lake, anaandika 1936 badala ya 1963. Wanaonakili kwake wanabeba makosa yote mawili. Mwalimu akikusanya karatasi asubuhi hahitaji kumuuliza mtu. Akizipanga kwa makosa, atakuchorea nani alichukua kwa nani, na nani alianza kabla ya nani.

Virusi vya korona ni mwakenya wa herufi kama 30,000. Kila vinapozaliana mwilini vinanakiliwa, na anayenakili huteleza. Kwa wastani, kila mwezi tawi moja hubeba mateleo mapya kama mawili hivi. Mengi hayana maana yoyote. Machache yanavisaidia virusi kupita haraka au kuikwepa kinga. Andiko la kwanza kamili lilitolewa hadharani Januari 2020, kutoka China, na tangu siku hiyo maabara za dunia zimekuwa zikiongeza ya kwao kwenye hazina moja kubwa iitwayo GISAID. Ukiyapanga yote kwa makosa yao unapata mti. Matawi ya mti huo ndiyo yale majina yanayofanana na namba za mlango: B.1.1.7, B.1.351, B.1.617.2.

Lakini mwalimu hupanga karatasi alizokusanya tu. Bweni ambalo hakulikagua litaonekana safi kama malaika.

Ndiyo maana ramani ya aina za korona ilikuwa na sura ile. Desemba 2020 Uingereza ilitangaza aina iliyoonekana kwanza Kent, ikaitwa virusi vya Uingereza. Uingereza ilikuwa inasoma sampuli nyingi kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Mwezi huohuo, tarehe 18, Afrika Kusini ikatangaza yake, nayo ikaitwa virusi vya Afrika Kusini. Afrika Kusini pia ilikuwa na maabara zilizokuwa macho. Ilipofika tarehe 31 Mei 2021, Shirika la Afya Duniani likaona majina ya nchi yanaumiza watu, likaanza kutumia herufi za Kigiriki: Alpha, Beta, Gamma, Delta. Mwaka 2022 wanasayansi wa bara letu walisherehekea kufikisha jenomu 100,000 kutoka Afrika nzima. Duniani kote, wakati huo, zilikuwa zimepita milioni 10. Sasa niambie, wapi kulikuwa na virusi vingi, na wapi kulikuwa na taa?

Sisi wenyewe tulionja. Tarehe 9 Aprili 2021 Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha yake nyekundu, na hofu ya aina mpya ikiwa mojawapo ya sababu. Tukakaa humo mpaka tarehe 22 Septemba. Wakati wote huo Kilifi, kwenye maabara za KEMRI-Wellcome, Wakenya walikuwa wanasoma herufi zilezile, na kazi yao ndiyo iliyotuwezesha kujua nini kinapita katikati yetu. Mapema Mei mwaka huo Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ile aina iliyoonekana kwanza India, ambayo baadaye iliitwa Delta, imepatikana Kisumu, kwa watu waliotoka India kikazi.

Kisumu si mbali na kwetu.

*

Kwetu ni Bungoma, nje kidogo ya Kanduyi, pale barabara kuu ya kwenda Malaba inapopita na malori yake usiku kucha. Baba yangu ni dereva wa trela. Amekuwa akibeba makasha Mombasa mpaka Kampala tangu kabla sijazaliwa, na mimi nilijua Mariakani, Mtito, Salgaa na Burnt Forest kwa simu zake kabla sijaziona kwenye ramani. Nimeitwa jina la mama yake, kwa hivyo ananiita "mama". Hata akiwa amenikasirikia: "Mama, hiyo si tabia."

Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, mizigo haikufungwa. Nchi zinataka mafuta, zinataka dawa, zinataka mchele. Kwa hivyo madereva wakaendelea kutembea wakati sisi tumefungiwa ndani na kafyu, na Uganda ikaanza kumpima kila dereva mpakani. Foleni ya Malaba ikafika makumi ya kilomita. Baba alilala ndani ya trela siku nne safari moja, akisubiri majibu, akipikia kwenye jiko la mafuta ya taa kando ya barabara. Wenyeji walikuwa wanawapita kwa mbali wakiziba pua.

Mei mwaka huo Rais Museveni akaamuru madereva wa kigeni wanaopatikana na virusi wasihesabiwe kwenye takwimu za Uganda. Baba alinipigia akicheka. "Mama, tumefutwa. Uganda si wao, Kenya hatujarudi. Sisi ni virusi vya barabarani." Alicheka kidogo, halafu hakucheka tena.

Alikuwa amepimwa mara kumi na moja ndani ya mwaka mmoja, na mara zote kumi na moja alikuwa salama. Vyeti vyake alivipanga kwenye bahasha ya khaki nyuma ya kiti. Katika ukoo wetu wote, watu kama arobaini, hakukuwa na mtu mwingine aliyewahi kupimwa hata mara moja. Lakini alipopita nyumbani, shangazi alimtengea kikombe chake, akakipaka alama ya rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono, kisije kikachanganyika na vya wengine. Ni Kukhu pekee, mama yake, aliyekuwa anachukua kile kikombe chenye alama, anaonja chai mwanzo, halafu anampa. "Mtoto wangu hana ugonjwa," alikuwa anasema. "Ana njaa."

*

Tarehe 1 Juni 2021 Kisumu iliandaa sherehe za Madaraka. Ijumaa ile, tarehe 4, mimi nilipanda basi Nairobi kwenda Bungoma. Kazi zilikuwa zimekauka, kodi ilikuwa inanisukuma, nikaona nikakae kwa Kukhu wiki mbili tatu nisaidie shambani. Basi lilikuwa limejaa. Nilikuwa na barakoa kidevuni kama kila mtu.

Jumapili, tarehe 6, niliamka nikiwa na kamasi kidogo. Kukhu akanipa chai. Nikanywa, nikamtumia rafiki yangu ujumbe wa WhatsApp: "Chai ya huku haina ladha siku hizi, ni kama maji moto tu." Nikaweka na emoji ya kucheka.

Nililala kwenye nyumba ya Kukhu, chumba kimoja naye, kitanda kando ya kitanda. Jumanne usiku, tarehe 8, akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Nilimpa maji ya tangawizi. Hakuna mtu mwingine aliyesikia.

Jumatano jioni baba akaegesha trela Kanduyi akaja nyumbani. Hakuwa amefika tangu Aprili. Nilipika sukuma na ugali, akala, akalala, alfajiri akaondoka kwenda Malaba. Jumapili, tarehe 13, jibu la kipimo chake lilirudi. Mara ya kumi na mbili, alikuwa na virusi. Akakodi chumba kidogo palepale Malaba ajitenge, akampigia ndugu yake kwa uungwana: "Nimepatikana. Mwangalieni mama."

Yeye ndiye aliyetoa ripoti. Hebu kumbuka hapo.

Tarehe 17 Juni serikali iliweka masharti mapya kwa kaunti 13, Bungoma ikiwemo. Kafyu saa moja jioni, mazishi ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Delta ilikuwa imetanda. Jumamosi, tarehe 19, Kukhu akafa. Tulimzika Jumatatu, haraka haraka, bila kukesha, bila nyimbo za usiku, mtu aliyezaa watoto tisa.

Baba ni kifungua mimba wake. Hakuwepo. Siku zake za kujitenga zilikuwa hazijaisha, na yeye ni mtu wa kufuata cheti. Kwa hivyo mimi nilishika simu kwa video ili aone. Nilisimama karibu na kaburi, mkono umenyooka, uso wake ukiwa mdogo kwenye kioo, amevaa koti la suti ndani ya kile chumba cha kukodi. Baba mdogo aliposimama kuzungumza alisema, bila kutaja jina, "Haya malori yatatumaliza. Mtu anatoka huko na ugonjwa wake, anakuja kumletea mama."

Watu wakaitikia. Baba alisikia. Niliona midomo yake ikitulia.

Na mimi nilikuwa nimeshika simu. Nilijua kikohozi kilianza Jumanne. Nilijua trela ilifika Jumatano. Nilijua chai ilipoteza ladha Jumapili. Nilikuwa na tarehe zote tatu kichwani na nikasimama pale, mkono ukiniuma, nikihangaika picha isitikisike.

*

Ule usiku wa Novemba, baada ya kutuma makala ya mteja, nilitafuta ile mazungumzo ya WhatsApp nikarudi nyuma mpaka Juni. Ujumbe bado ulikuwepo. Jumapili, 6 Juni, saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Na emoji yake.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa sayansi, na sayansi ilinipa pa kujificha. Sikupimwa. Kukhu hakuna aliyesoma herufi za virusi vyake. Hakuna jenomu yangu, hakuna yake, hakuna ya baba. Hatumo kwenye mti wowote. Tawi haliwezi kuchorwa pasipo karatasi. Huenda Kukhu alivipata kanisani. Huenda ni mimi niliyevitoa kwake, na si yeye kwangu, maana kuna watu hukaa navyo bila dalili. Yote hayo ni kweli, na nilikuwa nayarudia usiku kama rozari.

Niliendelea kufuatilia kila aina mpya iliyotokea, hata pasipo mtu wa kunilipa. BA.2, BA.5, XBB. Nikagundua kwamba miongoni mwa wanaoviwinda virusi hivi wamo watu ambao hata si wanasayansi wa virusi. Kulikuwa na mwalimu wa shule jimbo la Indiana, Marekani, ambaye alikuwa akikaa akipitia maelfu ya jenomu, na akiona tawi geni alilipendekeza kwa wale wanaotoa majina. Nilipenda habari hiyo, mimi niliyeacha chuo. Lakini pia ilinisuta. Huyo mtu alikuwa anatafuta tarehe na mpangilio wa virusi vya watu asiowajua huko Asia na Ulaya. Mimi nilikuwa nazo za nyumbani kwetu na nilizikalia.

Kilichonitoa ni ile habari ya Uholanzi. Niliirudia mara nyingi. Zile sampuli mbili hazikusema Omicron ilianzia wapi. Mpaka leo hazijasema. Zilisema kitu kidogo zaidi, kwamba ilikuwa imeshafika kabla ya wale mnaowafungia mlango kuitangaza. Tarehe tu. Tarehe haikuhitaji kumjua mwenye kosa ili imwondolee mwingine lawama.

Sikuwa na ushahidi kwamba ni mimi. Nilikuwa na ushahidi kwamba si yeye.

*

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Wiki hiyo mimi nilikuwa nakohoa, na nusu ya ploti yetu ilikuwa inakohoa, na kila mtu alisema ni baridi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kati ya Machi na Mei mwaka huo Kenya ilikuwa na wimbi lake, na watafiti waliposoma sampuli walikuta limetawaliwa na aina iitwayo FY.4, tawi la XBB lililoshika hapa kwetu. Dunia inafunga kitabu, sisi tunaandika ukurasa. Kama kikohozi changu kilikuwa hiyo, sijui. Sikupimwa, tena.

Baba alinipigia yuko Mlolongo, anasubiri kupakia, nije tule. Nikamwambia, "Baba, nisije. Nina kikohozi tangu jana."

Akanyamaza kidogo. "Mama, mimi nimechokonolewa pua mara ishirini. Vaa barakoa yako uje. Tutakaa nje."

Tulikaa nje ya kibanda kimoja, kila mmoja mwisho wake wa benchi, vumbi la malori likipita katikati. Ugali, matumbo, kachumbari. Nilisubiri amalize kula, maana habari ya namna ile huipeleki kwa mtu mwenye njaa. Halafu nikamwambia. Jumapili, Jumanne, Jumatano. Nilimwambia kwa mpangilio, kama ripoti, kwa sababu ningeongea kwa namna nyingine ningelia.

Hakusema kitu kwa muda. Trela moja ilikuwa inarudi kinyumenyume, tanboi anapiga bodi kwa mkono, twende, twende, twende.

"Nionyeshe huo ujumbe," akasema.

Nikampa simu. Aliisogeza mbali na macho, maana miwani alikuwa ameiacha kwenye lori, akausoma mara mbili.

"Kumbe," akasema. "Ndiyo maana ile sukuma ilikuwa na chumvi vile. Nilifikiri Nairobi imekuharibu."

Nikacheka, halafu nikakohoa, halafu nikalia hata hivyo. Yeye hakunisogelea, na sijui kama ilikuwa kikohozi au ilikuwa jambo lenyewe. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini. "Miaka miwili, mama. Ulishika simu ile na ukamwacha aseme."

"Ndiyo, baba."

"Sikuona kaburi la mama yangu likifukiwa. Picha ilikuwa inatikisika."

Sikuwa na la kujibu. Alinirudishia simu.

"Mtumie baba yako mdogo. Huo ujumbe, na tarehe zote. Usiongeze maelezo."

Nikatuma nikiwa palepale kwenye benchi, yeye akiangalia. Tiki moja. Tiki mbili. Zikawa bluu kabla hajamaliza kulipa. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, neno moja: "Sawa." Shangazi naye alinipigia, akaniuliza maswali mengi, akakata simu bila kuaga. Wapo nyumbani ambao hawanisemeshi vizuri mpaka leo. Siwalaumu. Nilijua hilo ndilo la kwanza litakalotokea, na ndilo nililokuwa nimemwachia baba alibebe.

Tangu mazishi alikuwa hasimami Kanduyi. Anapita tu, hata kama ni usiku na amechoka, anakwenda kulala mbele. Agosti ile alinipigia asubuhi moja, na nyuma yake nikasikia kuku badala ya malori.

"Niko nyumbani," akasema. "Nimetoka kaburini. Shangazi yako amenipa chai."

Nikauliza, "Kwa kikombe gani?"

Akafikiri kidogo.

"Sikuangalia, mama. Nilikuwa na njaa."